Kelele na Taka katika Nyumba za Umma: Ujenzi na Uendeshaji wa Makazi Kasongo na Kabambare

Katika wilaya za Kasongo na Kabambare, au teritwari kama zinavyoitwa na wenyeji wa kusini mwa Maniema, nyumba za umma ni majengo machache yaliyotawanyika ambayo mwenyewe ni Leta, yaani Serikali, au taasisi inayotoa huduma kwa niaba yake: makao ya msimamizi wa teritwari na wasaidizi wake, nyumba za waganga na wauguzi karibu na hospitali, nyumba za walimu, kambi za polisi na za askari, na hapa na pale nyumba zilizoachwa na makampuni ambayo yalikwisha kufunga virago. Uchache huo usimfanye mtu adhani kwamba jambo lenyewe ni dogo, kwa maana majengo hayo ndiyo yanayotazamwa na mafundi wa mitaani wanapojenga nyumba za raia, na kosa linalofanywa katika nyumba moja ya Leta huigwa katika parseli, yaani viwanja, nyingi zinazoizunguka.

Kelele, katika mhadhara huu, ni sauti ambayo anayeisikia hakuichagua na hana uwezo wa kuizima. Taka ni mabaki ya ujenzi na ya maisha ya kila siku, lakini ni pamoja na mali inayopotea kabla haijafika ukutani, kama kuni zinazoteketea kwa ajili ya tofali litakalovunjika, saruji inayoganda ndani ya mfuko, au udongo unaochimbwa na kuacha bwawa la mbu. Mambo haya mawili huzungumzwa kwa kawaida kama tabia mbaya za wapangaji, ambao huambiwa wapunguze redio na wasitupe uchafu ovyo. Hoja inayotetewa hapa ni tofauti, kwamba sehemu kubwa ya kelele na ya taka huwa imekwisha kuamuliwa kabla ya mpangaji wa kwanza kukabidhiwa ufunguo, kwa sababu mkataba wa ujenzi huhesabu bei ya ukuta na ya paa, lakini hauhesabu msitu, shimo wala usingizi wa jirani.

Historia ya makazi ya Kasongo inalithibitisha jambo hilo kwa kiasi fulani. Mji wa zamani uliokuwa Tongoni, kitovu cha utawala wa mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, ulitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya afisa Mbelgiji Dhanis mwezi Aprili 1893, nao Kabambare ulikuwa kituo muhimu katika njia ya misafara iliyotoka Ziwa Tanganyika kwenda soko la Nyangwe. Nyumba za Waungwana, yaani Waislamu wa utamaduni wa Kiswahili, zilizoenea katika njia hiyo zilikuwa za pembe nne, zenye kuta nene za udongo na baraza mbele, na baraza hiyo, ijapokuwa ilikusudiwa kwa mazungumzo na kwa kupokea wageni, iliweka nafasi ya hatua kadhaa kati ya njia ya watu na chumba cha kulala, huku ukuta mzito wa udongo ukizuia sauti ambayo ukuta mwembamba ungeipitisha. Mabaki ya nyumba kama hiyo, inapobomoka, ni udongo uleule uliotoka ardhini.

Utawala wa Wabelgiji ulileta tofali la kuchoma na bati, na ukaleta pia utengano: maafisa wachache walijengewa nyumba katika viwanja vipana vyenye miti, mbali na soko na mbali na wafanyakazi, ilhali wafanyakazi walipangwa katika kambi za safu. Utulivu ulinunuliwa kwa umbali, na umbali ulikuwa wa wachache. Shirika la kikoloni la makazi ya Waafrika lililoundwa mwaka 1952, ambalo kwa Kifaransa liliitwa Office des Cités Africaines, lilielekeza nguvu zake katika miji mikubwa kama Léopoldville, Élisabethville na Bukavu, kwa hiyo vituo vidogo vya Maniema vilibaki na mifano hiyo miwili, nyumba ya afisa na nyumba ya safu, ambayo hadi leo ndiyo inayorudi kwenye karatasi kila mchoraji anapoombwa kupanga makazi ya watumishi.

Yafaa sasa kulitazama tofali lenyewe kwa karibu, kwa sababu ndilo linalobeba sehemu kubwa ya hasara. Udongo huchimbwa bondeni au katika vichuguu, hukanyagwa kwa maji, hutiwa katika kalibu ya mbao, kisha tofali bichi hupangwa chini ya nyasi likauke. Likishakauka, mafundi hulipanga pamoja na mengine kuwa rundo kubwa lenye mapango ya moto chini yake, rundo hilo hukandikwa tope kwa nje, nalo ndilo tanuru. Halina bomba la moshi wala ukuta wa kudumu, na moto wake hulishwa magogo kwa siku kadhaa mchana na usiku. Tofali linalokaa karibu na pango hupata moto mkali hadi likapinda na kuwa kama kioo, la katikati huiva vizuri, na la pembeni hubaki jekundu hafifu ambalo mvua mbili tatu zinatosha kulirudisha kuwa tope. Fundi anayejua kazi huyatenga matatu hayo kwa kuyagonga na kusikiliza mlio wake, lakini mkandarasi aliyelipwa kwa idadi ya matofali huyapokea yote kwa jumla, na yale mabovu huingia katika kiambaza, yaani ukuta wa ndani unaotenganisha chumba na chumba, ambako lipu huyaficha.

Kuni zinazohitajika hutoka wapi? Kasongo na Kabambare ziko mahali ambapo msitu mkubwa wa kaskazini unaishia na savana inaanza, na miti minene inayobaki ni ile ya kandokando ya mito, ambayo ndiyo inayoshikilia kingo na kulinda chemchemi. Tanuru likikosa kuni zilizokauka hupewa mti mbichi, na mti mbichi hutumia sehemu kubwa ya joto lake kukausha maji yake wenyewe; vivyo hivyo tofali ambalo halijakauka hula moto kwa kuchemsha maji kabla halijaanza kuiva. Kwa hiyo wiki mbili zaidi za kukausha matofali chini ya kivuli, jambo lisilogharimu chochote ila subira, huokoa kuni nyingi. Subira hiyo ndiyo inayokosekana, kwani fedha za umma hufika mwishoni mwa kiangazi, na kiangazi cha huku ni kifupi, kuanzia Juni hadi Agosti hivi, kabla mvua hazijaanza tena.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alilalamika kwamba Watanzania walikuwa wamepumbazwa na saruji na bati hata wakashindwa kuuona udongo uliokuwa chini ya miguu yao, na akawahimiza watumie matofali ya kuchoma na vigae. Lalamiko lake kuhusu saruji bado lina uzito, hasa mahali ambapo saruji husafiri kwa reli hadi vituo kama Samba na kuvuka mto Lualaba, au kwa malori yanayokwama siku nyingi katika tope la Barabara ya Taifa namba 2 itokayo Bukavu. Lakini dawa aliyoipendekeza, ikitumiwa bila kipimo cha kuni, huhamisha hasara kutoka kwenye mkoba wa fedha za kigeni na kuipeleka kwenye msitu wa kijiji, na kijiji hakina mhasibu wa kuiandika.

Ipo njia ya kati ambayo kusini mwa Maniema inayo mkononi bila kuitumia ipasavyo. Mpunga, zao lililoenezwa na Waungwana tangu karne ya 19 na ambalo bado ni tegemeo la wakulima wa Kasongo na Kabambare, hutoa pumba kiasi cha sehemu moja ya tano ya uzito wake, maana yake gunia la kilo 100 la mpunga likikobolewa huacha kilo 20 hivi za maganda makavu. Maganda hayo hurundikana nyuma ya mashine za kukoboa, huoza polepole, na mara nyingi huchomwa pale pale na kuujaza mtaa moshi. Huko Mbeya na Morogoro nchini Tanzania wachomaji wa matofali wameyatumia kama nishati kwa miaka mingi, kwa sababu kilo moja ya maganda makavu ina joto lisilo pungufu sana kuliko lile la kilo moja ya kuni kavu. Yakichanganywa pia kwa kiasi kidogo ndani ya udongo wenyewe kabla ya kufyatua, huwaka ndani ya tofali na kuliivisha kutoka moyoni, na tofali hutoka jepesi kidogo. Majivu yanayobaki, ambayo ni kama kilo 4 kwa kila gunia lile, kwa sehemu kubwa ni silika, yaani madini yaleyale ya mchanga lakini katika hali inayoweza kushikana na chokaa. Yakichomwa kwa joto la wastani na kusagwa laini, huongezwa katika chokaa au saruji na kupunguza kiasi cha saruji kinachohitajika kwa kazi nyepesi kama lipu. Tatizo la maganda ni ujazo: gunia lake ni kubwa na jepesi, na halistahili kusafirishwa mbali. Tanuru basi lipangwe karibu na mashine, na wala si mashine ifuatwe na lori.

Njia nyingine ni kuacha kuchoma kabisa. Katika miaka ya 1950, huko Bogotá nchini Colombia, mhandisi Raúl Ramírez alibuni mashine ya mkono ya kushindilia udongo iliyopewa jina la CINVA-Ram, na mashine za ukoo huo zimeenea Afrika Mashariki. Wakala wa Serikali ya Tanzania unaoshughulikia utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi umezitumia kueneza matofali ya kufungamana, ambayo hupandana bila udongo mwingi wa kuunganishia. Udongo wenye mchanga wa kutosha huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa wenzo, kisha tofali hufunikwa na kumwagiwa maji kwa wiki kadhaa. Kiasi cha saruji hupimwa kwa kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4, ambacho hujazwa udongo uliolowa na kuachwa ukauke. Udongo uliosinyaa kwa chini ya milimita 15 hutosheka na sehemu moja ya saruji kwa 18 za udongo, lakini ule uliosinyaa kati ya milimita 45 na 60 hudai sehemu moja kwa 12. Kisanduku hicho hutengenezwa na seremala yeyote wa Kasongo kwa asubuhi moja. Ni ajabu kwamba miradi inayoleta magari ya gharama kubwa kwa ajili ya usimamizi hufika bila kisanduku, kisha hutumia uwiano mmoja wa saruji kwa udongo wa mlimani na wa bondeni.

Saruji nayo ina kifo chake. Mfuko wa kilo 50 uliohifadhiwa katika unyevu hupoteza nguvu mwezi baada ya mwezi, na kwa makadirio ya kawaida ya mafundi miezi 3 inatosha kuondoa kama sehemu moja ya tano. Uliokwisha kuganda mabonge hauponi kwa kuchekechwa, ingawa ndivyo unavyotumiwa. Ghala lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, mifuko isiyogusa ukuta, na kanuni kwamba iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, huokoa mali zaidi ya mlinzi mwenye silaha. Matofali yaliyovunjika, ambayo kwa kawaida huachwa kando ya jengo kama kifusi, yanafaa kushindiliwa chini ya sakafu mahali pa mawe, nayo hupunguza safari za lori na za wachukuzi wa baiskeli.

Mashimo yanayobaki baada ya kuchimba udongo yanahitaji kutajwa peke yake. Mvua za Septemba zikianza hujaa maji, na maji yaliyotuama na kupigwa na jua ndiyo mazalio yanayopendwa na mbu wa malaria. Nyumba ya muuguzi ikijengwa kwa udongo uliochimbwa mita 50 kutoka mlangoni pake, Leta itakuwa imemjengea makao na mazalio kwa fedha moja. Shimo likichimbwa kwa mpango, lenye ukingo wa mteremko na mfereji wa kutolea maji, laweza kuwa bwawa la samaki, ufugaji ambao Maniema inaufahamu, au likajazwa taka oza na kupandwa migomba. Likichimbwa ovyo, kazi ya kulifukia humwangukia mtu ambaye hakulichimba.

Kuhusu kelele, inafaa kuanza na kipimo. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo kisichopanda kwa kujumlisha kama kilo au mita, kwani kila ongezeko la desibeli 10 husikika na sikio kama sauti iliyozidi karibu maradufu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza sauti ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30 na sauti ya mchana nje ya makazi isizidi 55. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka chanzo kidogo cha sauti unapoongezwa maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Basi jenereta inayotoa desibeli 72 kwa mita 7 itatoa 66 kwa mita 14, 60 kwa mita 28, na kwenye mita 56 itakuwa imeshuka chini ya 55. Hesabu hii ndogo ingetosha kuonyesha kwamba jenereta ya hospitali, au mashine ya kusaga mihogo, haiwezi kuwekwa nyuma ya nyumba za watumishi kwa sababu tu hapo ndipo palipobaki nafasi katika kiwanja.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nyumba za umma kwa sababu ya watu wanaokaa humo. Muuguzi aliyekesha wodini hulala mchana, saa ambayo mashine za kusaga, redio za maduka na watoto wa shule viko katika shughuli zao. Mwalimu husahihisha madaftari jioni, saa ambayo vinywaji na muziki vinaanza. Watu hao wakikosa usingizi na utulivu, anayelipa ni mgonjwa na mwanafunzi, na malipo hayo hayaonekani katika hesabu ya jengo.

Katika nyumba za safu kuna kosa moja linalorudiwa tangu enzi za kambi, nalo ni dogo kiasi cha kuudhi. Kiambaza kinachotenganisha familia mbili hujengwa hadi kwenye usawa wa kuta za nje, kisha husimama hapo, na juu yake paa moja linaendelea kufunika nyumba zote, kwa hiyo sauti hupanda, huvuka chini ya bati na kushuka kwa jirani, ambaye husikia ugonjwa, ugomvi na maombi ya familia asiyohusiana nayo. Kwa nyumba yenye kina cha mita 6 na paa lililoinuka mita 1.5 katikati, pembetatu iliyoachwa wazi ni mita za mraba 4.5, nayo huzibwa na matofali 200 hivi na siku moja ya mwashi na msaidizi wake. Mafundi wakiulizwa husema mchoro haukuonyesha. Wachoraji husema waliiga mchoro wa zamani. Matofali 200 ni machache kuliko yale yanayovunjika katika kupakua lori moja.

Bati lina kelele ya namna yake, kwani mvua nzito ikilipiga, mazungumzo ndani ya nyumba hukoma na darasa hunyamaza. Bati jembamba la geji 32 hutetema zaidi kuliko lile la geji 28, hupata kutu mapema, na hung'olewa na upepo kwa urahisi, kwa hiyo akiba inayopatikana siku ya kununua hurudi kama taka ya chuma baada ya miaka michache. Dari la mianzi iliyosukwa, ambalo mafundi wa vijijini wanaliweza, likiacha nafasi ya hewa chini ya bati, hupunguza mshindo wa mvua na joto la adhuhuri kwa pamoja. Kulipuuza kwa sababu linafanana na nyumba ya kijijini ni ubwana usio na maana.

Ni lazima hata hivyo kuheshimu tofauti ambayo jamii ya Maniema huitambua bila kuhitaji kipimo cha desibeli. Ngoma ya harusi, kilio cha matanga, adhana ya alfajiri na kengele ya misa ni sauti zenye saa yake, zenye mwisho unaojulikana, na zenye watu ambao jirani anaweza kuwaendea. Jenereta ya baa inayowashwa bila mpaka ni jambo jingine, hata kama kipimo kingetoa tarakimu ileile. Sheria ya nyumba za umma isiyotofautisha mambo hayo itavunjwa mwezi wa kwanza, na itastahili kuvunjwa.

Umeme wa jua umeanza kuzima jenereta ndogo, na hilo ni faraja, ila faraja hiyo ina mkia. Betri ya gari inayotunza umeme huo hufa baada ya miaka michache, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mahali pengi Afrika mafundi wa mtaani huivunja uani, humwaga tindikali chini na kuyeyusha risasi kwenye sufuria. Nyumba ya umma inayofungwa mitambo ya jua bila utaratibu wa kurudisha betri zilizokufa itakuwa imebadilisha kelele inayosikika kwa taka isiyoonekana. Muuzaji anayeleta betri mpya kutoka Bukavu au Kalemie hurudi na gari lenye nafasi, na zabuni inaweza kumdai achukue ya zamani kabla ya kulipwa ya mpya.

Katika uendeshaji wa kila siku, taka nyingi za nyumba za Kasongo na Kabambare ni maganda ya mihogo na ndizi, majani, na majivu ya jikoni, vitu ambavyo shimo la mboji huvimeza bila taabu. Kinachosumbua ni plastiki, ambayo agizo la Serikali la tarehe 30 Desemba 2017 lilipiga marufuku kwa upande wa mifuko na vifungashio, lakini sokoni bado inapepea, kwa sababu marufuku ilitangulia kifungashio mbadala. Salongo, kazi ya pamoja ya usafi iliyorithiwa kutoka enzi za Mobutu, husafisha mbele ya nyumba na kuhamishia uchafu kwenye mfereji, na mfereji huo ndio unaofurika mvua inaponyesha. Kasoro ya salongo ni kukosa mahali pa kumalizia: bila shimo lililotengwa na baiskeli au mkokoteni wa kufikisha taka hapo, ufagio unafanya kazi ya kuhamisha tu. Choo nacho huhesabiwa hapa, kwa kuwa kinachokijaza nacho ni taka. Kanuni inayokubalika ni kukiweka mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, masharti ambayo viwanja finyu vya kambi haviwezi kuyatimiza, na ambayo kwa hiyo yanapaswa kuamua ukubwa wa kiwanja.

Nani atunze haya yote? Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu maeneo yaliyogatuliwa iliipa sekta na uchifu hadhi yake ya kisheria na hazina yake, ilhali teritwari, ambayo ndiyo inayosimamia nyumba nyingi zinazozungumzwa hapa, ilibaki kuwa ngazi ya utawala tu. Ndivyo nyumba ya msimamizi inavyovuja paa miaka mingi ikingoja karatasi kutoka Kindu, makao makuu ya mkoa, au Kinshasa. Kasongo yenyewe ilikwisha kuonyesha mfano tofauti katika nyanja ya afya, kupitia mradi ulioanza mwaka 1971 kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ambao ulijulikana kimataifa kwa vituo vidogo vya afya vilivyo karibu na watu na kwa uangalifu wa kumbukumbu zake. Nyumba za watumishi zingeweza kutunzwa kwa mwelekeo huo: daftari moja kwa kila nyumba, hali yake ikiandikwa kila mpangaji anapoingia na anapotoka, kodi ndogo ikibaki katika hazina ya karibu kwa ajili ya bawaba, bati na mfereji. Sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 imekwisha kuweka mipaka ya dhamana ambayo mwenye nyumba anaweza kuidai kwa makazi, na hakuna sababu kwa Leta kuwa mwenye nyumba mzembe kuliko raia anayeongozwa na sheria hiyo.

Mpango wa maendeleo wa teritwari 145, uliozinduliwa na Serikali ya Kongo kwa ajili ya shule, vituo vya afya, barabara na majengo ya utawala, umezifanya zabuni za ujenzi kuwa jambo la siku hizi hata Kabambare, mahali ambapo vita vya mara kwa mara viliwahi kulifanya kila jengo jipya lionekane kama bahati. Ununuzi wa umma huongozwa na sheria ya tarehe 27 Aprili 2010, na kila mkataba huambatana na daftari la masharti ambamo mwenye mradi anaruhusiwa kuandika anachokitaka. Ndani ya daftari hilo ndimo inapofaa kuandikwa aina ya nishati ya tanuru, kipimo cha udongo kwa kisanduku, kiambaza kinachofika chini ya bati, umbali wa jenereta kutoka dirishani, na tarehe ya kuanza kufyatua matofali, ambayo ikipita basi kazi ingoje kiangazi kinachofuata. Wakandarasi watasema bei itapanda, na itapanda kidogo kweli, kwa kuwa gharama iliyokuwa ikibebwa na kijiji itakuwa imeingia katika hesabu yao.

Masharti ya karatasi hayana nguvu bila malipo yanayosubiri, na utaratibu wa ujenzi wa umma tayari una mahali pa kuyafungia: jengo hupokelewa mara mbili, kwanza kwa muda linapokamilika, kisha kwa kudumu baada ya mwaka mmoja hivi, na katikati ya mapokezi hayo asilimia fulani ya fedha, kwa desturi kati ya 5 na 10, huzuiwa kama dhamana. Mwaka huo mmoja unachukua msimu mzima wa mvua. Kamati ya mapokezi ya mwisho, ambayo kwa sasa huangalia nyufa na rangi, ingeagizwa pia kutembea hadi mahali udongo ulikochimbwa, kupanda ngazi na kutazama kama kiambaza kimefika juu, kisha kulala usiku mmoja ndani ya jengo jenereta ikiwa inanguruma na mvua ikinyesha, na kusaini asubuhi yake.